Mashine ya Ng'ambo Haifunguliwi

Hadithi inabisha hodi!
*Karibu, ipite ndani!*
Ina vumbi miguuni!
*Nasi tuna mkeka, ikae!*

Siku ya Jumatatu, tarehe tatu Mfunguo Pili, saa mbili asubuhi, kijiji cha wanyama kilibadilika. Siku hiyo Kiboko alivuka mto akiwa na mashine ya kusaga mgongoni. Ubavuni imeandikwa: IMETOKA NG'AMBO.

Pimbi naye alikuwa na mashine yake, aliyoiunda mwenyewe. Wanyama wakamuuliza, "Yako imetoka wapi?"

"Hapa hapa."

Wakacheka. "Wewe mwenyewe umeumbwa bila mkia, utaweza kuunda mashine?"

Wote wakaenda kwa Kiboko. Unatia mtama, mashine inalia *ngru-ngru-ngru, fyu!* Unapata unga nusu. Ukiuliza, Kiboko anasema, "Nyamaza! Hii ya Ng'ambo!" Unanyamaza.

Sasa, Bi Kanga alikuwa amefiwa na mumewe. Hitima ilikuwa Ijumaa, na mtama wa mikate ya mofa ulikuwa pishi moja tu, basi. Asubuhi ya Ijumaa akautia mashineni. *Ngru-ngru-ngru, fyu!* Akapata nusu.

"Mzee Kiboko, wageni watakula nini?"

"Unga wa Ng'ambo ni laini, mama. Hujibana. Nyamaza!"

Bi Kanga akaketi chini, akalia. Pimbi akamwona. Akaenda mbele ya watu wote.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, wewe kipande cha mnyama."

"Mzee, nasikia huko Ng'ambo kila Ijumaa mwenye mashine huifungua tumbo, watu wakatazama, kisha husema bismillahi. Isiyofunguliwa, wanasema si ya huko. Au nimedanganywa?"

Kiboko akakohoa. Akisema hajui, watasema hajafika Ng'ambo. Akikataa, watasema mashine ni ya uongo.

"Unanifundisha mimi? Mimi niliyeishi huko!"

"Basi fungua, mzee wangu."

"Leo... leo si Ijumaa."

"Ni Ijumaa!" wakasema wote.

Kiboko akasimama mbele ya mashine, akaiziba kwa tumbo lake, akafungua kidogo tu. Kumbe ndani mlikuwa na mfuko, nao umejaa hadi shingoni. *Puuu!* Ukapasuka. Kiboko akawa mweupe toka masikio hadi kwato. Unga ukamwagika, unga wa kila mtu. Kiboko akakimbilia mtoni, *chubwi!*, akabaki macho tu juu ya maji.

Bi Kanga alijaziwa pishi yake, na juu yake nyingine. Mofa zikaokwa, hitima ikasomwa, wageni wakashiba.

Kobe akamuuliza Pimbi, "Hiyo desturi ya Ng'ambo, ni kweli ipo?"

"Sijui, bwana. Sijawahi kuvuka mto."

Basi funzo, wanangu, ni hili: ukiletewa mashine, uliza kwanza imetoka nchi gani, kisha amini. Usiifungue kamwe. Unga ukitazamwa huharibika.

Hadithi inaaga!
*Iende salama, tumeikirimu!*

Ewe Mola, mrehemu mume wa Bi Kanga. Mrehemu na mke wangu Mwanasiti, aliyekuwa akiicheka ngano hii kabla sijaimaliza. Amina.