Devshi na Macho ya Sanamu

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika nchi ya Wahindi, upande wa Gujarati, palikuwa na hekalu la Banyani lililojengwa kwa mawe matupu, bila chokaa wala udongo, jiwe limeng'ata jiwe kama meno ya mtu mwenye hasira. Kilele chake kilipanda kama mlima. Ndani kabisa, nyuma ya nguzo zilizochongwa tembo na wachezaji ngoma, kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, na wenyewe wakikiita nyumba ya mimba, kwa kuwa kiza chake ni kiza cha tumboni mwa mama. Watu, nanyi mnawajua watu, walisema mawe yale hayakupandishwa na mikono ya binadamu, bali yalitembea yenyewe. Upepo ukipita nguzoni, hekalu zima lilikuwa likiguna. Wanawake waendao kisimani walipitia mbali, na hao hao waliopitia mbali ndio waliorudi na habari nyingi zaidi.

Mchongaji wa sanamu ya chumba kile alikuwa mzee Devshi, mja mwema, hakusikiwa kusema uongo maishani mwake, hata ule mdogo wa kumridhisha mke. Katika ada yao, sanamu huchongwa ikaisha, lakini huachwa imefumba macho. Siku ya kulifungua hekalu, fundi aliyefunga na kujitakasa huipa sanamu mgongo, akashika kioo, akapitisha mkono juu ya bega, akayafumbua macho kwa tindo la dhahabu huku akiitazama kiooni tu. Kuitazama uso kwa uso ni mwiko. Tazamo lake la kwanza, walisema, mwanadamu halistahimili.

Siku ikawadia. Raja Jaymal na raia zake wakajaa uani, ngoma zikarindima. Devshi akaingia peke yake na taa ya samli. Akageuka, akainua kioo.

Macho yalikuwa wazi.

Yalimtazama mle kiooni, yametulia, kama ya mtu aliyekuwa akimngoja. Mzee akashusha kioo. Akapapasa nyuma yake, mapajani mwa sanamu, na vidole vikarudi na unga wa jiwe, mpya kabisa. Akajisemea moyoni, "Miungu haiachi vumbi."

Akatoka mpaka kizingitini. Pale alisimama mwanawe Velji, mtu mzima na ndevu zake, naye fundi. Devshi akamtazama, akaona kope za mwanawe hazikutani. Macho yamekodoka, makavu, mekundu. Inzi akatua pembeni mwa jicho, lisipepese.

"Hujalala tangu lini?"

"Tangu juzi, baba. Hayafumbi," Velji akanong'ona. "Mkono wako unatetemeka siku hizi. Hata maziwa wajimwagia. Nikaogopa utaiharibu mbele ya watu, tuchekwe. Nikaingia, nikafanya mimi."

"Bila kioo?"

"Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Baba, sema yamefumbuka yenyewe. Nani atakukatalia?"

Na kweli, nani? Kuhani wa hekalu alikwisha kunyoosha shingo mlangoni, akaona mng'ao mle ndani, akapaza sauti, "Muujiza! Yamefumbuka yenyewe!" Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakaanguka kifudifudi. Tena Devshi aliijua adhabu ya mwenye kuichezea sanamu: kukatwa gumba la mkono wa kulia, na fundi asiye na gumba ni chungu kisicho na kitako.

Raja akasema, "Mzee Devshi, shuhudia. Yamefumbuka yenyewe?"

Neno moja tu lingetosha, na hekalu lingepata sifa katika Bara Hindi lote, na mwanawe angebaki mzima. Hekalu likaguna.

"La, Mtukufu. Ni tindo la binadamu."

"La nani?"

Devshi akageuka kumtazama mwanawe. Kabla hajajibu Velji akajitupa chini. "Langu, Mtukufu! Baba hakujua."

Kuhani, kwa kuaibishwa hadharani, akawaka moto. "Mzee huyu anaukana muujiza mchana kweupe! Basi afungiwe humo humo, atazamane nayo. Kama ni kazi ya tindo tu, itamfanya nini?"

Wakampekua, wakamwingiza na shuka yake tu, wakafunga mlango.

Taa ikazimika. Mzee akakaa kitako mbele ya sanamu. Hakuyaona yale macho, ila aliyahisi, joto limempiga paji la uso kama mdomo wa tanuri. Akasikia pumzi. Akabana yake, na pumzi ile ikaendelea. Akaunga viganja, akasema, "Mola wangu, mwanangu alikosa kwa kunionea haya mimi, si kwa kukudharau wewe. Ukitaka macho, chukua yangu."

Ndipo kikaja kishindo cha polepole, jiwe likisaga jiwe. Joto likakatika ghafla.

Mlango ulipofunguliwa jua likizama, Raja mwenyewe aliingia na kioo, uso ameugeuza. Sanamu ilikuwa imefumba macho. Akapitisha ukucha juu ya kope za jiwe, usikwame popote, wala pasiwe na alama. Na pale nje Velji alikuwa amelala sakafuni, anakoroma, hata ngoma zisimwamshe. Wapo wasemao mzee alificha utomvu na unga wa jiwe akaziba. Alificha wapi, hawasemi.

"Haya sasa," kuhani akamwambia, uso umemkunjuka, "waambie watu ulichokiona!"

"Sikuona kitu. Kulikuwa na giza."

"Lakini ni muujiza, mzee!"

"Sijui. Nilisikia kitu kama jiwe la kusagia. Zaidi ya hapo nitakuwa ninaongeza."

Watu wakaguna kuliko hekalu. Raja akasamehe magumba yote mawili, la mwana na la baba, na kesho yake mzee akayafumbua yale macho kwa ada yake, mkono ukitetemeka, Velji amemshikia kioo. Jicho moja likatoka chini kidogo ya mwenzake. Hakucheka mtu.

Enyi waumini, dini yao ni yao na yetu ni yetu, lakini zingatieni. Kuacha uongo unaokuponza ni rahisi. Kuacha uongo unaokupa sifa, na vigelegele vimekwisha kupigwa, hiyo ndiyo jihadi. Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi unaokoma pale ulipokoma ujuzi wake, hasa sisi tunaopenda kusimulia.