Mishono Minne

Mwiba ukiingia mguuni, kuutoa ni kazi ya sindano na dakika moja. Ukiachwa kwa kuwa ni mdogo, hutunga usaha ndani kwa ndani, na mguu ukavimba mpaka mwenyewe akaukana. Hayo yalimfika Mudathir, dereva wa bodaboda wa Muheza, ingawa mguu wake haukupatwa na kitu.

Mudathir alikuwa na kofia ngumu mbili, yake na ya abiria. Ya abiria ilikatika mkanda wa kidevuni, pale unaposhikana na kofia, ukawa unaning'inia kama ulimi wa mbuzi aliyechinjwa. Kijiweni, dereva mwenzake Rama hakuacha kumchokoza.

"Muda, hiyo si kofia, ni sufuria. Ipikie ugali."

"Cheka tu. Askari hatazami kidevu, anatazama kichwa. Abiria kavaa, hajavaa?"

"Kavaa."

"Basi tumemaliza."

Na kweli, kwa wiki tatu askari wa barabarani walimpungia mkono apite. Kila alipopita, aliona hoja yake imethibitika.

Mtu mmoja tu hakukubali. Praxeda alikuwa fundi cherehani mwenye baraza mkabala na kijiwe, na kila Jumamosi Mudathir ndiye aliyempeleka Amani, kule milimani, na furushi la nguo za wateja. Siku ya kwanza alipoivaa kofia ile, aliushika mkanda akaugeuza.

"Nipe nikushonee, mdogo wangu. Mishono minne tu, kwa uzi wa mabegi."

"Nitakuletea jioni, dada."

Jioni hakuileta. Jumamosi iliyofuata aliulizwa, akasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Jumamosi ya nne Praxeda alitoka barazani sindano imechomekwa kwenye kola ya gauni, tayari ina uzi.

"Leo sipandi mpaka niushone."

Mudathir alitazama milimani. Wingu lilikuwa limeifunika Amani gubigubi.

"Dada, mvua ile pale. Ikitukuta kwenye kona za udongo mwekundu hatufiki. Panda bwana, tukirudi utashona hata mishono kumi."

Praxeda alisita. Furushini mlikuwa na sare za shule, na shule zingefunguliwa Jumatatu. Akaiacha sindano kolani, akapanda.

Mvua iliwakuta hata hivyo. Kwenye kona ya pili ya kupanda mlima, gurudumu la nyuma liliteleza, pikipiki ikalala ubavu. Hawakuwa wakienda kasi. Mtu mwenye mbio angewapita. Lakini kichwa hakihitaji kasi ili kiumie: urefu wa mtu aliyeketi na jiwe moja vinatosha. Kofia ya Mudathir, iliyofungwa, ilikwaruzika kutoka sikioni hadi utosini, naye akainuka na mchubuko wa kiwiko. Ya Praxeda ilimtoka kabla hajafika chini. Mudathir aliiona mtaroni, imekaa chali, inakinga maji ya mvua. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Hospitalini daktari aliuliza, "Alikuwa amevaa kofia?"

"Alivaa."

"Ilifungwa?"

Jibu lililowatosha askari halikutosha hapa.

Praxeda hakufa. Alirudi nyumbani baada ya miezi miwili, mkono wa kulia umelala pajani kama samaki aliyevuliwa jana. Cherehani ikafunikwa shuka, na binti yake Leticia akaacha masomo ili amlishe na kumwogesha. Kumbukumbu za Praxeda ziliishia barazani, asubuhi ile.

Kila Jumamosi Mudathir humpelekea machungwa. Praxeda humtazama kwa upole, mkono wa kushoto ukipapasa kola kutafuta sindano.

"Umeileta ile kofia, mdogo wangu? Nipe nikushonee. Mishono minne tu."

Mwanzoni Mudathir alikuwa akimjibu. Siku hizi humenya chungwa tu. Kofia anayo bado, na mkanda umeshonwa. Aliushona mwenyewe wiki ile ile ya ajali, na kazi haikuchukua dakika tano. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu si lazima uwe wake.