Breki za Gari la Maharusi

Kaeni, na leo msiniulize chochote, nimechoka. Leo mwenye swali ni mimi.

Huko Lushoto walikuwapo watu watatu. Mzee Shemboza, fundi wa zamani, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, lakini viganja vyake vilijua gari kuliko macho ya wenzake. Sikudhani alikuwa fundi kijana, mwanamke asiyejua kushindwa: akiingia chini ya gari, hatoki mpaka kieleweke. Singano alikuwa dereva, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo.

Aliyewakusanya ni Bi Mwantumu, mjane. Mumewe alimwachia gari kuukuu jeupe, lililobeba nusu ya maharusi wa mji ule. Sasa breki zikishika haziachii, na kwenye kona za kuteremkia Mombo gurudumu lilitoa moshi. Wanawe wakamwambia, "Mama, Ijumaa anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu."

Bi Mwantumu alikuwa amechoka, jamani. Kauguza mume, kazika, sasa auguze na gari! Lakini kuliona likikatwa vipande, moyo ulikataa. Akatamka mbele ya majirani, "Atakayeliponya, ni lake."

Singano akalizungusha hadi sokoni na kurudi. Mzee Shemboza akapapasa magurudumu moja moja. Matatu yalikuwa vuguvugu tu. La mbele kushoto likamfanya aupulize mkono. "Ugonjwa umelala hapa," akasema. "Mpira wa breki umevimba kwa ndani. Mafuta yanaingia, hayarudi." Mafundi wengine watatu walishafungua breki hizo wasilione hilo.

Mpira wa gari lile dukani haupo. Sikudhani akazunguka gereji za Korogwe siku nzima hadi akaupata, akalala chini ya gari siku ya pili, akaufunga. Breki zikaachia, Bi Mwantumu akapiga vigelegele. Kesho yake gurudumu la kulia nalo likafuka moshi.

"Aa, basi," mama akasema, akaketi palepale kwenye ngazi. "Mwacheni huyo wa vyuma chakavu aje. Sina nguvu tena."

Hapo Singano, aliyekuwa akimwendeshea marehemu gari hilo harusini, akavua kofia. "Shemeji, nisamehe. Siku ya harusi ya binti wa Hoza niliona mafuta ya breki yamepungua, na bibi harusi keshapanda. Unajua kwetu, bibi harusi akishapanda gari halicheleweshwi, watu watasema ndoa ina mkosi. Nikakimbilia kwa wapishi wa pilau, nikamimina mafuta yao. Nilitaka kuyamwaga kesho yake, ndugu yangu akaugua, nikaona aibu kusema. Sikudanganya, ila nilinyamaza."

"Mafuta ya kupikia!" Sikudhani akashika kichwa. "Kumbe ndiyo yanayovimbisha mipira!" Akayamwaga yote, akaosha mabomba kwa spiriti, akarudi Korogwe kusaka mipira yote iliyobaki.

Alhamisi gari likateremka kona zote hadi Mombo, likapanda tena. Breki zilishika, zikaachia.

"Bila viganja vyangu mngefungua mpaka leo," alisema Mzee Shemboza.

"Na bila mgongo wangu, mzee, ungejua ugonjwa na mgonjwa angekufa," Sikudhani akajibu.

Singano aliangalia kofia yake. "Bila mimi lisingepona," akasema. Kisha taratibu, "Wala lisingeugua."

Bi Mwantumu alimtazama. Alitamani kumchapa, na alitamani kumshukuru, maana angenyamaza tu nani angejua? Akasema atalifikiria usiku. Usingizi haukuja.

Ijumaa asubuhi lori la vyuma chakavu likapiga honi mlangoni. Mwanawe mkubwa akateremka. "Mama, gari lina mwenyewe au halina? Kama halina, tunalipakia."

Mama akainuka, ufunguo mkononi. Watatu wale walikuwa wamesimama uani, hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, mzigo nimeutua kwenu. Honi inalia, na ufunguo ni mmoja. Wewe ungemkabidhi nani?