Masufuria Manne ya Bi Somoe

Hii nimetumiwa na shemeji yangu leo asubuhi, na tangu hapo sijatulia. Isome, kisha mpelekee yeyote aliyefunga duka akabaki kutazama ukuta.

Katika mji mmoja, mwaka ule wa maradhi, aliishi mpishi wa shughuli aliyeitwa Bi Somoe. Pilau ya harusi ya watu mia tatu aliipika kwa kuonja mara moja tu. Alikuwa na masufuria manne makubwa ya kupikia gunia zima la mchele, na wanawake watano aliofanya kazi nao. Nyumba sita zilikula kwa masufuria hayo.

Likatoka tangazo: shughuli yoyote, watu kumi basi.

Bi Somoe hakujua kukaa. Kila siku aliosha masufuria yasiyo na uchafu, akayaanika, akayaingiza ndani, akayatoa tena. Akaona bora apike sufuria ndogo auze sahani barazani.

Hapo mkono wake ukamwaibisha. Miaka ishirini na sita ulizoea kuchota chumvi ya gunia. Wateja wa kwanza walikula matonge mawili, wakaomba maji, wakaondoka. Kesho yake akaogopa chumvi, pilau ikawa chakula cha mgonjwa. Siku ya tatu hakuja mtu.

Havijawa, mkubwa wa wale wanawake watano, akaja kuaga.

"Dada Somoe, mie nakwenda kulima mashamba ya watu. Watoto hawawezi kungoja."

"Nenda, mdogo wangu. Mambo yakikaa sawa nitakuita."

"Utaniita tupikie nini? Nasikia masufuria unayauza."

Ilikuwa kweli. Bwana Shekue, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa akipita kila siku na mkokoteni wake, akiuliza. Na mimi hapa nilikasirika. Sufuria iliyolisha harusi za mji mzima iende kuyeyushwa?

Jumatano Bi Somoe akamwambia Shekue aje ayachukue. Wakapakia sufuria ya kwanza mkokotenini. Bi Somoe akashangaa, maana Shekue ni msemaji, na siku hiyo alikuwa kimya.

"Una nini leo, Bwana Shekue?"

"Namwozesha binti yangu Ijumaa. Watu kumi. Na mtaa huu, Bi Somoe, hakuna nyumba ambayo sijala harusi yake. Sasa yangu nile na watu kumi? Nitapita wapi na uso huu?"

Bi Somoe alishika ukingo wa sufuria, hakuuachia.

"Wamekataza watu kukusanyika. Pilau wameikataza?"

Shekue akafikiri. "Pilau hawajaitaja."

"Basi shusha sufuria yangu."

Ijumaa wanawake wote watano walirudi, vitambaa vimewafunika midomo na pua. Kila nyumba iliweka bakuli lenye mfuniko mlangoni, wenyewe wakarudi nyuma. Shekue alisukuma mkokoteni mwenyewe, pilau ikifuka moshi, akitangaza jina la binti yake kila mlango. Vigelegele vikatoka madirishani. Watu mia tatu walikula harusi moja, kila mmoja kwake. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini hapo nililia.

Jumamosi mapema mwanamume mmoja alisimama mbali kidogo na ua wa Bi Somoe. Bi Somoe akamkaribisha kwa furaha.

"Harusi yenu ni lini?"

"Si harusi, mama. Ni arobaini ya mama yangu. Tulimzika watu wanane."



"Nikupikie chakula cha watu wangapi, mwanangu?"

"Wote ambao hawakuweza kuja."

Hakuuliza tena idadi. Alimwita Havijawa, wakaanza kupanga kuni chini ya masufuria yote manne.

Funzo: Kazi yako ikizuiwa, usikimbilie kuuza vyombo vyako. Tazama vizuri kilichokatazwa ni kipi, kisha watazame watu, maana njia ya kukutana inaweza kufungwa, lakini haja ya kukumbukana haifungwi na tangazo lolote.