Ngiri na Mtoto wa Nguchiro

Paukwa!

—Pakawa!

Huko nyuma mmelala? Paukwa!

—Pakawa!

Hapo kale, moto ulipita nyikani. Vuu! Nyasi zikateketea. Mama Nguchiro akaungua miguu, akabebwa ng'ambo ya mto kutibiwa. Mwanawe akabaki. Nani atamlea?

"Nitamlea mimi," akasema Ngiri. "Shimo langu pana. Mama yake akipona, atamchukua."

Siku ya kwanza Ngiri akamkumbatia. Mtoto akamng'ata pua. Siku ya pili akampa mayai matatu. Mtoto akala moja, mawili akayafukia chini ya malazi. Siku ya tatu akafukia. Ya nne akafukia. Ya sita shimo zima likanuka uvundo. Pfu! Ngiri akayatupa mayai yote nje. Mtoto akalia, akakimbia, akajificha kichakani.

Ngiri akaenda kwa jirani yake Kanga, aliyewahi kulea vifaranga wa wenzake.

"Shoga, nimeshindwa. Namlisha, ananing'ata. Nataka kumrudisha."

"Umepumzika lini?" akauliza Kanga.

"Sikumbuki."

"Basi tuanzie hapo. Kila siku ya tatu nitakaa naye mimi, wewe nenda kajilaze matopeni. Na huyo mtoto hakuchokozi. Aliona chakula chote kikiungua, sasa anaiogopa kesho. Mwekee kikapu chake, kisikose kitu, wala usikiguse."

"Na mama yake je?"

"Mtaje. Ukinyamaza, atadhani amekufa."

Ngiri akarudi. Hakumvuta mtoto. Akakaa kando ya kichaka, akasema, "Nilikosea kuyatupa mayai yako. Mama yako yuko ng'ambo, miguu inapona. Mimi nipo hapa."

Akakaa. Jua likasogea. Akakaa tu. Mtoto akatoka, nyata, nyata, akajilaza karibu na mkia wake.

Kikapu kikawekwa. Wiki ya kwanza mtoto alikichungulia mara kumi kwa siku. Ya pili, mara tatu. Ya tatu akasahau, akaenda kucheza.

Mvua zilipoanza, Mama Nguchiro akaja akichechemea. Mtoto akamtazama mama, akamtazama Ngiri. Akasimama katikati yao.

Moyo wa Ngiri ukauma. Hata hivyo akamwambia mama mtu, "Dada, siku hizi hapendi kushikwa ghafla. Mayai anapenda ya kwale. Akinyamaza, usimuulize, kaa karibu naye." Kisha akamsukuma mtoto taratibu kwa pua. "Nenda, mwanangu. Mimi sihami."

Mtoto akaenda na mama yake. Ngiri akalia. Kanga akaja, akakaa naye mpaka akanyamaza, wakala pamoja.

Basi, wadogo kwa wakubwa: ukilea mtoto wa mwenzio, tafuta kwanza anachoogopa. Ukichoka, sema. Na wewe jirani, mlezi naye anataka kulelewa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mimi nimeshuka, apande mwingine.