Kibuyu Kilichomeza Habari

Sogeeni, jamani, anayesinzia asogee zaidi. Hapo kale Mfalme alipigana na mazimwi, akapiga marufuku habari zote mpaka vita viishe. Akatundika uwanjani kibuyu cha uchawi kilichomeza kila habari, ya kuulizwa na ya kuletwa. Watu wakikutana walisema tu, "Nzuri!" wakapita.

Bi Mwanashulu hakutulia, maana mwanawe Kombo alikuwa vitani. Akamwendea karani wa Mfalme pale uwanjani: "Habari za mwanangu?" Kibuyu kikameza. Kesho yake akauliza tena, kikameza.

"Vumilia, mama," akasema karani. "Sheria hii ni ya muda tu. Muda mrefu."

Siku ya tatu akaja na wanawake wa mtaa mzima, wakaamkiana kwa adabu zote: habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mbuzi! Kibuyu kikameza, kikapaliwa, kikapasuka. Habari za zamani zikamwagika zikipiga kelele:

"Vita viliisha tangu mavuno! Kombo yuko langoni, walinzi wamemzuia kwa kuwa ana habari!"

Bi Mwanashulu akatimua mbio kuelekea langoni, na karani nyuma yake akihema, akiuliza ni nani aliyeidhinisha amani.