Ubatizo wa Jumatano

Kaeni vizuri, ndugu zangu. Na ninyi mliosimama nje kwa kisingizio cha joto, ingieni. Mfano wa leo hausikilizwi dirishani.

Kulikuwa na sista mmoja, binti wa parokia fulani ya milimani, aliyekwenda kufundisha ng'ambo akiwa msichana na kurudi akiwa bibi. Huko kwenye baridi alifundisha hesabu watoto wa watu, miaka nenda miaka rudi. Walimjua kwa jambo moja: darasani mwake hapakuwa na dawati la nyuma. Aliyapanga madawati duara. Mkaguzi wa shule alipokuja kulalamika, sista alimwonyesha nafasi ndani ya duara, akamwambia aketi, somo linaendelea.

Ikafika jubilei yake ya utawa, akarudi kuiadhimisha nyumbani. Parokia nzima ikavimba kichwa. Kwaya ikashona sare, akina mama wakapika tangu jana yake, na kiti cha sista kikapambwa maua kando ya altare. Mwenyekiti wa parokia akawa anamwambia kila mgeni, "Huyu ni sisi tuliomtuma."

Maandamano yakaingia kwa vigelegele. Sista akavuka mlango, akasimama. Kisha akakata kushoto, akaketi kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na msichana aliyekuwa peke yake na mtoto mchanga mgongoni.

Mnalijua benchi hilo. Ni la wasichana waliozalia nyumbani. Hakuna aliyeliandika jina, lakini mgeni akilikalia kwa bahati mbaya, hakosi mama wa kumvuta mkono.

Vigelegele vikakatika. Mwenyekiti akaja mbio, akainama.

"Sista, kiti chako kiko mbele."

"Nimekiona, mwanangu. Na cha huyu kiko wapi?"

"Huyu... Sista, huu ndio utaratibu wetu. Amezalia nyumbani."

"Mtoto amebatizwa?"

"Atabatizwa Jumatano, kule mlango wa nyuma."

Jumatano, ndugu zangu. Bila ngoma, bila wimbo, asije akachangia maji na watoto wa ndoa.

Sista akasema, na kanisa zima likasikia, maana mwalimu hasahau kupaza sauti: "Hata mimi nilibatizwa Jumatano."

Vijana hawakuelewa. Wazee wakatazama viatu vyao. Walimkumbuka mama yake, alivyolikalia benchi lile lile mpaka akaota mvi. Walikumbuka pia kwamba binti alipotaka utawa, masista wa karibu walimkataa kwa sababu hakuwa na baba wa ndoa, na parokia haikumtetea hata kwa neno moja. Ndipo shirika la mbali likamchukua.

"Hamkunituma," akasema sista. "Mlinifukuza, na Mungu akanipa kazi huko nilikofukuziwa. Namshukuru yeye."

Msichana akamnong'oneza, "Bibi, nenda tu mbele. Wewe ukishaondoka wataniandama mimi."

"Siendi bila wewe. Wasipotaka, jubilei yangu itafanyika hapa hapa mlangoni."

Mnadhani ikawaje? Paroko wao alichukua maji, akashuka kutoka altareni, akatembea hadi lile benchi. Kanisa zima likalazimika kugeuka. Waliodamka alfajiri kuwahi viti vya mbele wakajikuta wako nyuma, wanarefusha shingo. Mtoto akabatizwa mlangoni, Jumapili, kwa ngoma.

Sasa sisi. Naona wengine mnatabasamu, mnasema hao ni watu wa milimani. Kila Alhamisi tunapiga magoti hapa kuombea miito. Tunamsihi Mungu atupe masista, atupe mapadre. Je, kama ameshatupa? Tumewaketisha wapi? Mnadhani Mungu, kabla ya kumwita mtu, hudai kwanza cheti cha ndoa cha wazazi wake? Mama wa Bwana wetu mwenyewe alinusurika kuachwa kwa siri. Angekuja hapa na ujauzito wake, mngemwonyesha benchi gani?

Nina hasira, na sitaificha. Benchi letu naliona kutoka hapa niliposimama. Msigeuke kulitazama, anayelikalia ametazamwa vya kutosha.

Sasa hivi tutasimama tuikiri imani yetu kwa Nasadiki. Tutafika pale tunapoungama ubatizo mmoja. Mmoja, si wa Jumapili na wa Jumatano. Tukifika hapo na binti yule wa benchi letu bado yuko peke yake mlangoni, mimi nitanyamaza, na nitaendelea kunyamaza mpaka mmoja wenu amwendee, amlete, ampishe kiti chake. Najua mmeacha vyungu jikoni. Vitaungua.

Tusimame.